Odeta na Bata Aliyeitwa Shemasi

Sogeeni, sogeeni, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Anayetafuna ameze kwanza. Tayari? Haya, nasimulia.

Zamani, tena zamani hasa, kabla bibi wa bibi yako hajazaliwa, palikuwa na mlima katika nchi ya baridi kali. Juu ya mlima palikuwa na nyumba kubwa ya mawe.

Ndani ya nyumba ile waliishi masista. Walisali. Walilima kabichi. Waliandika vitabu kwa mkono, neno kwa neno, maana mashine hazikuwepo.

Na pamoja nao aliishi mtoto mmoja. Jina lake Odeta.

Odeta alikuwa mdogo, na meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka. Tena alikuwa mzito wa kusema. Ukimuuliza jambo, alinyamaza kwanza. Alilitafuna swali lako kama mtu anayetafuna mkate mgumu.

"Jamani, huyu mtoto amelala?" wageni waliuliza.

Wapi! Hakulala. Alikuwa anafikiri.

Mama yake Odeta alikuwa amefariki. Baba yake akamleta kwa masista wamlee na kumsomesha, kama wazazi wengi wa nchi ile walivyofanya. Alimshusha kutoka juu ya farasi. Akambusu kichwani. Akaenda zake.

Siku ile Odeta alilia sana. Kisha akanyamaza, akaenda kukaa kwenye banda la bata, kwa sababu palikuwa na joto.

Mle bandani, yai moja lilikuwa linapasuka. Kak! Kak! Kifaranga kikatoa kichwa. Kitu cha kwanza kukiona duniani kilikuwa uso wa Odeta.

Basi, ikawa ndiyo hivyo. Kifaranga kikaamua kumfuata.

Kikakua, kikawa bata bukini mkubwa, mweupe, mwenye shingo ndefu. Masista walipokwenda kanisani kwa mstari, bata naye alishika mkia wa mstari, kifua mbele.

"Tazameni, shemasi wetu huyo!" alisema sista mmoja. Masista wakacheka. Na jina likamganda. Wakamwita Shemasi, kama yule msaidizi wa padri kanisani.

Odeta akienda kisimani, Shemasi yuko nyuma. Pwata, pwata, pwata. Kwaa!

Odeta akienda kwenye kabichi, Shemasi yuko nyuma. Pwata, pwata, pwata. Kwaa!

Odeta akienda kusoma, Shemasi anangoja mlangoni. Huko ndani haruhusiwi. Kwaa! Kwaa! Amekasirika.

Sasa sikilizeni. Masista wale walikuwa na kitu walichokipenda kuliko chakula. Walipenda kubishana.

Msicheke, ni kweli! Kila Jumamosi jioni walikaa duara, wakabishana.

"Je, malaika wanalala?"

"Je, samaki husikia kiu?"

"Je, mtu mwema anaweza kukasirika?"

Lakini hawakupiga kelele, wala hawakukatana maneno. Ubishi wao ulikuwa na sheria. Mama Mkuu, kiongozi wao, aliinua kidole na kuisema:

"Sema kwanza la mwenzako.
Likikubalika, sema la kwako."

Ni hivi. Ukitaka kumpinga mwenzako, hulikimbilii jibu lako. Kwanza unasema alichosema yeye. Unakisema vizuri, vizuri kabisa, mpaka mwenyewe anainua mikono juu na kusema, "Ndilo langu!"

Asipoinua mikono, umekosea. Anza upya.

Ni sheria ngumu. Jaribu wewe na kaka yako, utaona.

Mwaka ule baridi ilikuja mapema. Theluji ikaanguka, nyeupe kama unga wa sembe. Na sikukuu ya Mtakatifu Martino ikakaribia.

Katika nchi ile, sikukuu ya Mtakatifu Martino watu walipika bata bukini. Ndiyo ilikuwa desturi, kama sisi na pilau.

Lakini kule mlimani mbweha alikuwa amekuja. Alikula bata huyu, akala yule. Akabaki bata mmoja tu.

Mnamjua. Kwaa!

Mpishi wa masista aliitwa Sista Kunegunda. Alikuwa mrefu, mwenye mikono minene na sauti ya kuamsha kijiji kizima. Siku moja, watu wanakula, akasimama na mwiko wake mkononi.

"Sikukuu hii," alisema, "Shemasi anaingia chunguni."

Kijiko cha Odeta kikaanguka. Kling'!

Safari hii Odeta hakutafuna swali. "Hapana!" alisema. "Hapana, hapana, hapana!"

Masista wote wakageuka. Hawakuwahi kumsikia akisema haraka hivyo.

"Unampinga Sista Kunegunda?" aliuliza Mama Mkuu.

"Nampinga."

"Haya. Huo ni ubishi, na ubishi una sheria. Mtoto naye ataifuata." Akainua kidole:

"Sema kwanza la mwenzako.
Likikubalika, sema la kwako."

Odeta akasimama juu ya benchi ili aonekane.

"Sista Kunegunda anasema Shemasi apikwe," alianza, "kwa sababu Sista Kunegunda ana roho mbaya."

"Alaa!" alisema Sista Kunegunda. Akatikisa kichwa. "Silo langu hilo."

Odeta akajaribu tena. "Sista Kunegunda anasema Shemasi apikwe kwa sababu Shemasi anapiga kelele kanisani."

"Anapiga, tena sana. Lakini silo langu."

"Kwa sababu... kwa sababu amenenepa, na Sista anapenda kula."

Masista wakaziba midomo wasicheke. Sista Kunegunda hakucheka. Aliukunja uso wake, akageukia dirishani.

"Silo langu," alisema.

Odeta hakuwa na maneno mengine. Alishuka kwenye benchi. Aliona aibu, na aliogopa. Kama hawezi kulisema la Sista, hatasema la kwake. Na asiposema la kwake, Shemasi wake anapikwa.

"Tutakusikia tena Jumamosi," alisema Mama Mkuu. "Mpaka hapo, chungu kingoje."

Asubuhi Odeta akaenda jikoni. Pwata, pwata, pwata, Shemasi nyuma.

"Huyo abaki nje," alisema Sista Kunegunda. "Na wewe unataka nini?"

"Nataka kusikia."

"Kusikia nini?"

"La kwako, Sista."

Sista Kunegunda akaguna. "Mimi sina muda wa kukaa na kuongea. Shika kabichi hiyo."

Odeta akashika kabichi. Akamenya vitunguu, akafuta machozi, akamenya vingine. Hakuuliza tena. Kungoja alijua.

Kazi ilipokwisha, Sista Kunegunda akachukua chungu kidogo kutoka rafuni. "Njoo," alisema.

Wakapita kwenye baraza lenye baridi. Wakaingia chumba cha Sista Bona.

Sista Bona alikuwa mzee kuliko wote. Ndiye aliyemfundisha Odeta herufi. A kama hema, O kama mdomo wa mtu anayeshangaa. Sasa alikuwa kitandani, amefunikwa mpaka kidevuni.

Kho! Kho! Kho!

"Ni Odeta huyo?" aliuliza Sista Bona. "Herufi zako ha... kho, kho, hazijambo?"

"Hazijambo, Sista."

Sista Kunegunda akafunua chungu. Akaingiza kijiko. Kwaru, kwaru, kwaru. Kijiko kikakwaruza chini. Akapata mafuta kidogo sana, ya kidole kimoja. Akayapaka kifuani kwa Sista Bona, polepole, kwa ile mikono yake minene.

Kikohozi kikatulia kidogo.

"Mafuta gani hayo?" aliuliza Odeta walipotoka.

"Ya bata. Ya mwaka jana," alisema Sista Kunegunda. "Ndiyo yanayomsaidia. Na yamekwisha leo, umeona mwenyewe."

Odeta akatazama chungu. Kweli, kilikuwa kitupu.

"Unadhani napenda kumpika yule bata?" alisema Sista Kunegunda. Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Nani anamlisha shayiri asubuhi, wewe ukiwa bado umelala? Ananilia mkononi, yule mjinga."

Akaingia jikoni, akafunga mlango. Papo hapo masufuria yakaanza kugongana.

Odeta akakaa kwenye ngazi. Shemasi akaja akaweka shingo yake juu ya magoti yake. Odeta alikuwa amekwenda kutafuta roho mbaya jikoni, na hakuiona. Hilo ndilo lililomhuzunisha zaidi. Angeiona, ubishi ungekuwa rahisi.

Jumamosi ikafika. Masista wakakaa duara. Shemasi akaachwa nje ya mlango. Kwaa! Kwaa!

Mama Mkuu akainua kidole. Na nyinyi semeni, mnaijua:

"Sema kwanza la mwenzako.
Likikubalika, sema la kwako."

Odeta akapanda juu ya benchi. Akayatafuna maneno yake kwanza. Kisha akasema, polepole:

"Sista Kunegunda anasema Sista Bona anakohoa. Usiku anakohoa, mchana anakohoa. Mafuta ya bata yanamsaidia. Mafuta yamekwisha, kijiko kinakwaruza chini. Baridi bado ni ndefu, na bata ni mmoja tu."

Odeta akamtazama Sista Kunegunda, akaendelea.

"Sista Kunegunda anasema Shemasi ni bata, na Sista Bona ni mtu. Hapendi kumpika Shemasi. Anamlisha mkononi kila asubuhi. Lakini Sista Bona akizidiwa, atasema, mimi ndiye mpishi, mbona sikufanya kitu?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Odeta. Aliendelea kusema tu, na machozi yakaendelea kutoka.

"Nimemaliza," alisema.

Sista Kunegunda akainua mikono yote miwili.

"Ndilo langu," alisema. "Maskini mimi! Hata mwenyewe sikulisema vizuri hivyo."

"Sasa la kwako, Odeta," alisema Mama Mkuu.

Odeta alikuwa ameandaa maneno mazuri. Manyoya ya Shemasi yanafaa kwa kalamu. Kelele za Shemasi zinamtisha mbweha. Maneno yote yakamtoroka.

"La kwangu ni dogo," alisema. "Shemasi ananifuata."

"Na nini tena?"

"Basi. Ananifuata."

Masista wakatazamana. Lilikuwa dogo kweli.

"Kunegunda," alisema Mama Mkuu, "unampinga?"

"Nampinga," alisema Sista Kunegunda. "Naye ananisikitisha, lakini nampinga."

"Basi sheria ni ya wote. Sema kwanza la mwenzako."

Sista Kunegunda akasimama. Akasafisha koo. Hili lilikuwa dogo, alijua atalimaliza mara moja.

"Odeta anasema bata huyu ananifuata," alisema. "Nikiamka, yuko hapo. Nikienda kisimani, yuko nyuma. Baba amekwenda zake. Mama amefariki. Masista wananipa mkate. Wananipa blanketi. Wananifundisha herufi. Lakini nikipita, hakuna sista anayegeuka kuona nimekwenda wapi. Yeye tu... yeye tu ndiye..."

Ile sauti ya kuamsha kijiji ilikuwa imekwama.

Odeta akainua mikono juu. "Ndilo langu," alisema, kwa sauti ndogo.

"Sasa jibu, Kunegunda," alisema Mama Mkuu.

"Sina jibu," alisema Sista Kunegunda. Akakaa chini, puu!

Masista wakakuna vichwa. Sista Kunegunda alikuwa amesema kweli. Odeta alikuwa amesema kweli. Na Sista Bona alisikika kule chumbani. Kho! Kho! Mngefanyaje nyinyi?

Odeta bado alikuwa juu ya benchi. Alikuwa anatafuna. Masista walimjua, wakamwacha atafune.

"Sista Kunegunda hataki Shemasi," alisema mwishowe.

"Ehe?" alisema Mama Mkuu.

"Anataka mafuta. Shemasi ni kitu kimoja. Mafuta ni kitu kingine."

Kisha akaruka chini, akakimbia. Akarudi na bakuli lake.

Kila mtu katika nyumba ile alipewa bakuli la mafuta ya kondoo kila mwaka. Yalikuwa ya kuwashia taa wakati wa baridi, ili wasome na kuandika jioni. Odeta akampa Sista Kunegunda bakuli lake lote.

Sista Kunegunda akanusa. "Mh! Yananuka."

"Yananuka," alikubali Odeta. "Lakini yanafaa?"

Sista Kunegunda akafikiri. "Nikiyachemsha... nikiyachuja... nikiweka majani ya mnanaa... Yanafaa. Ila bakuli moja halitoshi mpaka baridi iishe na jua lirudi."

Mama Mkuu akainuka. Akaenda chumbani kwake. Akarudi na bakuli lake pia.

"Chukua nusu yangu," alisema. "Tunasimulia kila mwaka kwamba Mtakatifu Martino alikata joho lake, akampa nusu maskini aliyetetemeka kwa baridi. Halafu sisi tunamkumbuka kwa kula bata. Jamani!"

Masista wakacheka. Huyu akaleta nusu yake, yule akaleta nusu yake. Na Odeta akarudishiwa nusu ya bakuli lake, asikae gizani kabisa. Mafuta yakajaa chungu kikubwa, kile kile kilichokuwa kinamngoja Shemasi.

Odeta akafungua mlango. Shemasi akaingia ndani, kifua mbele, na hakuna aliyemfukuza. Pwata, pwata, pwata. KWAA!

Siku ya sikukuu walikula kabichi. Kabichi na chumvi. Sista Kunegunda aliipakua huku amekunja uso.

Sista Bona alipakwa mafuta asubuhi na jioni. "Nanuka kama zizi," alisema. "Lakini napumua." Wiki chache baadaye alikuwa amekaa kitandani, anamfundisha Odeta herufi nyingine.

Na taa je? Taa zilizimika mapema mwaka ule. Vitabu vikangoja. Masista wakalala jua likizama, kama kuku.

Odeta alikua. Akawa sista, akawa mwalimu mkubwa. Watu waliogombana walipanda mlima kumwona. Aliwaambia jambo moja tu kwanza, nanyi mnalijua. Wengi walimaliza ugomvi kabla hawajafika kwenye jibu. Alipokufa akiwa mzee sana, watu wakamwita mtakatifu.

Lakini hayo ni ya mbele huko. Jioni ya sikukuu ile Odeta alikuwa mtoto bado, kitandani, tumbo limejaa kabichi. Taa imezimwa. Theluji inaanguka nje.

Akasikia miguu kwenye baraza. Tu. Tu. Tu. Haikuwa miguu ya bata.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Sista Kunegunda. Akaja mpaka kitandani. Akavuta blanketi, akalifikisha kidevuni kwa Odeta, akalibana pembeni, huku na huku.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula kabichi."

"Umeshiba?"

Odeta akafikiri. "Kidogo."

Sista Kunegunda akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kipande cha mkate, bado kina joto. "Kula. Usimwambie Mama Mkuu."

Odeta akala. Sista Kunegunda akangoja mpaka amalize.

"Sista," alisema Odeta, "kesho utakuja tena?"

"Nitakuja."

"Na keshokutwa?"

"We mtoto, lala!"

Odeta akafumba macho. Na kesho yake jioni, Sista Kunegunda akaja tena.